Walikuwepo Siku Zote

Anza kuendesha baiskeli kutoka Lanet hadi mjini, na kwa wiki moja utadhani Nakuru nzima imenunua baiskeli. Hapana. Walikuwepo. Yule wa mitungi ya maziwa, yule wa gunia la makaa, wote wakisukumwa nje ya lami na upepo wa trela. Sasa unawaona kwa sababu upepo huo umekupiga wewe pia.

Katika Kutoka 23:9 Mungu anakataza kumwonea mgeni, na sababu yake ni hiyo: Israeli walionja ugeni kule Misri. Yesu naye alivaa mwili.

Ulihangaika kutafuta kazi? Basi mwone anayezunguka leo na bahasha. Na wewe dereva, mwachie mwenye baiskeli nafasi. Ana watoto nyumbani. Amina.