Jitu la Purdue na Pasi Isiyofika

Usiku wa Machi 17, 2023, mjini Columbus, Ohio, timu ya mpira wa kikapu ya Chuo Kikuu cha Purdue iliingia uwanjani ikiwa na Zach Edey, senta mwenye urefu wa mita 2.24, kijana wa Toronto aliyetangazwa msimu huo kuwa mchezaji bora wa vyuo vya Marekani. Wapinzani wao, Fairleigh Dickinson, walikuwa timu fupi kuliko zote katika daraja la kwanza la vyuo, na walipitia mchujo ndipo wakaingia kwenye timu 64 za mashindano ya kitaifa ya vyuo. Tangu mashindano ya wanaume yaanze kupangwa hivyo, timu ya namba 16, kama wao, ilikuwa imeifunga timu ya namba moja, kama Purdue, mara moja tu, mwaka 2018. Purdue ililala 63 kwa 58.

Edey alimaliza na pointi 21 na ribaundi 15, kwa hiyo ni rahisi kudhani kwamba alitumika vya kutosha. Hakutumika. Alitupa kikapuni mara 11, akaingiza saba. Timu yake ilitupa mipira 26 kutoka nje ya mstari wa pointi tatu, ikaingia mitano. Mipira 26 ya mbali, ilhali chini ya goli amesimama mtu ambaye hakuna aliyeweza kumfikia mikono!

Wengi waliwalaumu wachezaji wa nje kwamba walimnyima mpira. Mimi siwalaumu hivyo. Fairleigh Dickinson walimweka mmoja mbele ya Edey na mwingine nyuma yake, na wa tatu akawa karibu, tayari kurukia. Wakati huohuo waliwabughudhi waliobeba mpira, wawili kati yao wakiwa wa mwaka wa kwanza, tangu upande wa pili wa uwanja. Mpira ulivuka nusu ukiwa umechelewa, saa ya sekunde 30 inakimbia, na aliyeushika amekwama juu, katikati. Kutoka pale, pasi ya kwenda kwa senta aliyezibwa mbele hupita moja kwa moja kwenye mikono ya mlinzi. Purdue walipoteza mpira mara 16 usiku ule. Nao wa nje, wakijiona wameachwa wazi, wakatupa. Kila uliokosa ukawaongezea wapinzani ujasiri wa kuwaacha tena.

Kocha akipiga kelele kutoka benchi, “Mpeni senta mpira!”, hajamfungulia mtu njia. Njia hufunguliwa mazoezini. Mpira ushushwe pembeni, usawa wa mstari wa mitupo huru, ambako mpasiaji anauona mkono wa senta ulio mbali na mlinzi. Senta akizibwa mbele, mchezaji mwingine mrefu apande hadi mstari wa mitupo huru, apokee, na amrushie mwenzake pasi ya juu upande wa goli. Senta naye asitembee kwenda mbele: akimbie, akamate nafasi na kumweka mlinzi mgongoni kabla wale wawili hawajakusanyika. Akipokea na kubanwa, autoe nje, ajipange upya hatua moja karibu zaidi, arudishiwe. Hapo ndipo wachezaji wengi wa nje hukosea, kwa kudhani mpira uliorudi kwao ni wao wa kutupa.

Sipendi kuona senta wa chuo akifanya mazoezi peke yake na kocha msaidizi, anageuka kulia, anageuka kushoto, bila mtu wa kumpigia pasi. Anayehitaji mafunzo mengi zaidi ni mpasiaji. Afundishwe akiwa amebanwa na walinzi wawili, amechoka, saa inakwenda.

Msimu uliofuata, Matt Painter, kocha wa Purdue, hakumtupa senta wake. Vijana wale wa nje walikuwa wamekomaa, na mpira wa mbali ukawa unaingia, hivyo wapinzani wakaogopa kuwaacha ili wamzonge Edey. Alifunga pointi 40 dhidi ya Tennessee, na Purdue wakafika nusu fainali kwa mara ya kwanza tangu 1980.

Kisha, Aprili 8, 2024, huko Arizona, kwenye fainali, wakakutana na Connecticut, walioligeuza tatizo. Safari hii Edey aliachiwa mlinzi mmoja kwa sehemu kubwa ya mchezo, Donovan Clingan, naye mwenye urefu wa zaidi ya mita mbili, huku wengine wakiwaganda wachezaji wa nje. Edey alipewa mpira kwa wingi: mitupo 25, pointi 37. Wenzake wote kwa pamoja walipata 23, na timu nzima ikatupa mipira saba tu ya pointi tatu, ikaingia mmoja. Purdue wakafungwa 75 kwa 60. Mlinzi aliyemganda mchezaji wa nje huwa ameacha njia ya kwenda golini nyuma ya mgongo wake. Kocha anayejiandaa kukutana na ulinzi wa namna hiyo awazoeze wa nje kukatiza kwenye njia hiyo mara tu senta anaposhika mpira, na amzoeze senta kuwatafuta kwa macho kabla hajaudunda.