Haki ya Mteja wa Zamani

Mteja wa zamani ana haki gani juu ya kilabu alichokipenda? Nauliza kwa sababu ya kilabu kimoja cha ulanzi huko Iringa nilikorudi baada ya miaka mingi. Nyasi zimeondolewa, bati limewekwa, nyama inachomwa mlangoni, na bia za chupa zimejaa kaunta. Rafiki yangu alinung'unika: "Wamekiharibu!"

Lakini ulanzi wenyewe haukubali kubaki ulivyo. Wakati wa mvua chipukizi la mwanzi hukatwa ncha, maji yakadondoka. Yakiwa mapya ni mtogwa, matamu. Yakilala yanakuwa mkangafu, na miguu huanza kukataa amri. (Kimpumu cha Mbeya, cha ulezi, nacho kina vituko vyake.) Mvua zikikatika, mwanzi nao hukauka. Je, mama muuzaji ale nini kiangazi? Ada ya shule haina msimu. Anayetaka kibanda cha nyasi kidumu anamtaka mama yule alipie kumbukumbu za mwingine.

Nilimweleza rafiki yangu hayo. Alikuwa akinywa bia ya chupa. Ndoo mbili za ulanzi zilikuwa bado zimejaa.