Abrahamu Alipanda Mkwaju



Kitabu cha Mwanzo chasimulia ya kuwa Abrahamu, mgeni asiyemiliki bado hata shamba la kuzikia, alipanda mti kule Beersheba, akaliitia hapo jina la Mungu. Ule ulikuwa mti wa jangwani wa aina nyingine. Lakini Biblia ya Kiswahili imeuita mkwaju, wala haikutupoteza. Mzee aliyepita miaka mia apanda mti! Je, kivuli kile alimkusudia nani?

Tuutazame mkwaju katika kisiwa cha Unguja. Upande wa magharibi udongo una kina na mikarafuu hustawi. Lakini kuelekea Paje na Makunduchi udongo ni haba juu ya mawe ya matumbawe. Mkwaju, mti wa Afrika yetu, hustahimili ukame na pepo, kwa kuwa mizizi yake huenda mbali. Nao hautaki mengi. Kokwa zilowekwe usiku kucha, kisha ziatikwe. Masika yaanzapo mche upandikizwe mahali pa wazi, mbali na nyumba, hatua kumi na tano kati ya mti na mti. Uzungushiwe ua mbuzi wasiufikie, unyweshwe kiangazi cha kwanza. Baada ya hapo wataka saburi tu. Matunda huweza kukawia miaka saba na zaidi. Kivuli kamili ni cha wajukuu.

Hapo ndipo penye jaribu letu. Twaukata mti wa babu kwa mkaa wa juma moja, na kiwanja cha kanisa twakiacha kitupu, watoto wakiungua na jua. Twasema: “Mimi nitafaidi nini?” Tungalikuwa wapi leo, kama Mapadre wa Roho Mtakatifu waliofika Unguja mwaka 1863 wangaliuliza hivyo? Walipovuka kwenda Bagamoyo mwaka 1868 walipanda mbuyu, nao ungalipo. Wengi wao walizikwa huko kabla hawajazeeka. Sisi ndio tuliokaa kivulini.

Basi, enyi wazazi, masika yajayo mwiteni mtoto, mpeni jembe, chimbeni shimo pamoja na kusali Baba Yetu. Imani nayo hupandwa vivyo hivyo, kwa mkono wa mzazi na bila haraka. Naye akiuliza, “Baba, utaketi lini chini ya mti huu?” usimfiche. Mwambie: “Huu ni wako, mwanangu, na wa wanao.”