Mgeni Kwao

Katika Kichwamaji, kitabu cha Euphrase Kezilahabi kilichotolewa mwaka 1974, Kazimoto, mwanafunzi wa Chuo Kikuu, arudi kijijini kwao naye ni kama mgeni kwa wazazi, mwisho ajiua. Je, elimu ndiyo iliyomtenga? Twasema sivyo. Hapa Karatu Wairaqw huitwa Wambulu, na Wadatoga huitwa Mang'ati, neno la Kimasai lenye maana ya adui. Walakini aitwaye hivyo, jioni mamaye humsemesha kwa lugha yake, asipotee. Kazimoto hakutengwa na jina la jirani. Yeye mwenyewe aliwatazama watu wake kwa jicho la kigeni. Na sisi wazazi? Mtoto wa likizo twamwandalia kiti cha mgeni, na ng'ombe huchungwa na mdogo wake.