Mauser ya Kale na Ujira wa Fundi

Baada ya vita vya 1939–1945, bunduki nyingi za kijeshi za Mauser, za muundo wa Kijerumani wa mwaka 1898, ziliuzwa kwa bei ndogo nchini Marekani, na mafundi wakazigeuza kuwa za kuwindia kwa kupunguza mbao zake na kupinda mkono wa komeo, yaani chuma kinachosukumwa na kuvutwa ili kuingiza risasi na kutoa ganda, usije ukagonga darubini. Leo ujira wa kazi hiyo, ukijumlishwa na mtutu mpya, aghalabu huipita bei ya bunduki mpya ya kiwandani. Na Mauser iliyobaki kama ilivyotoka jeshini, kwa masikitiko ya waliokwisha kuikata yao, ndiyo wanayoitafuta wakusanyaji. Hata hivyo, ile kucha ndefu ya komeo, inayoikamata risasi mara inapotoka kwenye kasha lake, bado inastahili gharama ya fundi hodari.