Mnasihi wa Uraibu na Elimu ya Kujizuia

Unasihi wa uraibu ni miongoni mwa taaluma chache ambazo mwanafunzi huziingia akidhani kwamba nusu ya kazi anaijua, kwa kuwa katika jamii za Afrika Mashariki ni nadra kumpata mtu mzima ambaye hajawahi kumkalisha chini kijana wa ukoo, akamwonya, akamkumbusha machozi ya mama yake na kumtaka aape kwamba hatagusa tena pombe wala unga, yaani heroini. Mafunzo mazuri huanza kwa kuivunja dhana hiyo, na kuivunja huchukua muda mrefu zaidi kuliko kujifunza majina ya dawa na athari zake.

Uraibu ni hali ya mtu kuendelea kutumia kilevi ingawa anayaona madhara yake, kwa sababu mwili na ubongo vimekizoea kiasi kwamba kukikosa kunaleta mateso. Mateso hayo, ambayo vijiweni Dar es Salaam huitwa arosto, kwa mtumiaji wa heroini huwa ni maumivu ya viungo, kutapika, kuharisha na kukesha, na kwa kawaida hufikia kilele katika siku ya pili au ya tatu. Mnasihi hapaswi kutibu hali hiyo peke yake, lakini ni lazima ajue kwamba mnywaji pombe wa miaka mingi akiacha ghafla bila uangalizi wa daktari anaweza kupata degedege na kufa, jambo ambalo familia nyingi zinazomfungia mgonjwa chumbani kwa nia njema hazilijui.

Historia ya kazi hii inaonyesha kwamba kujizuia kwa mnasihi, yaani kutomkemea wala kumhubiria mteja, hakukuzingatiwa tangu mwanzo. Mwaka 1935, katika mji wa Akron nchini Marekani, Bill Wilson na Dk. Bob Smith walianzisha ushirika wa Alcoholics Anonymous, ambamo mlevi humsaidia mlevi mwenzake, na mwaka 1954 jimbo la Minnesota likaunda cheo rasmi cha mshauri wa walevi, kilichowafungulia ajira watu waliopata nafuu ingawa hawakuwa na shahada. Baadaye, katika jumuiya ya Synanon iliyoanzishwa California mwaka 1958, ilisitawi imani kwamba mraibu ni lazima akemewe na kuvuliwa uongo wake mbele ya wenzake. Mwanasaikolojia William R. Miller, ambaye utafiti wake ulikuwa umeonyesha kwamba wanywaji waliohudumiwa na washauri wenye kuwaelewa walipata nafuu zaidi, alipendekeza mwaka 1983 njia tofauti, yaani mazungumzo ambayo mnasihi huuliza maswali yasiyojibika kwa ndiyo au hapana, kisha humrudishia mteja maana ya maneno yake, mpaka mteja mwenyewe azitaje sababu zake za kubadilika. Ukemeaji humfanya mtu aitetee hali yake, na kila anapoitetea huzidi kuiamini.

Katika pwani ya Afrika Mashariki, wengi wanaojifunza kazi hii ni waraibu waliopata nafuu, hasa kupitia soba hausi, yaani nyumba ambamo watu huishi pamoja bila kutumia kilevi chochote. Watu hao wana hazina ambayo darasa haliwezi kuitoa, kwa sababu mteja hawezi kuwadanganya kwa urahisi wala hawaonei aibu. Hata hivyo, hazina hiyo huzaa kishawishi cha kuidhania njia iliyomwokoa mtu mmoja kuwa ndiyo njia pekee. Tangu mwaka 2011 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili imekuwa ikitoa methadoni, dawa ya jamii moja na heroini ambayo mgonjwa huinywa kila siku mbele ya mhudumu, na ambayo ikipimwa vema huondoa arosto bila kumlewesha. Kwa mtu aliyepona kwa kuacha kila kitu, dawa hiyo huonekana kama kubadilisha unga kwa unga, na endapo mafunzo hayatamfikisha mahali pa kuliacha swali hilo mikononi mwa daktari na mgonjwa, anaweza kumnyima mwenzake tiba inayookoa maisha.

Jambo gumu zaidi kulisema linahusu kurudia matumizi. Mwili ulioacha heroini kwa wiki kadhaa hupoteza ustahimilivu wake, hivyo kiasi ambacho zamani kilikuwa cha kawaida huweza kusimamisha pumzi. Wapo wanaoona kwamba kumweleza hayo mtu anayetoka soba hausi ni kumkaribisha arudi kwenye maskani ya watumiaji. Maoni hayo ni makosa, na ni makosa yanayogharimu roho za watu.

Kuna pia suala la siri. Baba anayelipa ada huona ni haki yake kuambiwa yote, na kwa desturi zetu mnasihi kijana hana ujasiri wa kumkatalia mzee. Kwa hiyo mipaka ya siri hupaswa kukubaliwa na familia nzima siku ya kwanza, kabla hakijatokea cha kufichwa.

Mambo haya yote hayamaliziki kwa cheti. Mnasihi huhitaji msimamizi wa kitaaluma, yaani mzoefu anayekutana naye mara kwa mara kuzungumzia wateja wake, na ambaye pengine atamuuliza kwa nini mteja mmoja anapigiwa simu mara nyingi kuliko wengine wote, au kwa nini mwingine anamkasirisha hata kabla hajakaa. Maswali hayo humlinda mteja, tena humlinda mnasihi aliyewahi kuwa mraibu asirudi alikotoka kwa kubeba mizigo ya wengine, na kwa sababu hiyo wanaofadhili soba hausi wanapaswa kuilipia saa ya msimamizi kama wanavyolipia vitanda na chakula.