Kosa Si Langu, Dhamana Ni Yangu

Ndugu msomaji, je, yafaa kiongozi aache kazi yake kwa kosa ambalo hakulitenda yeye? Wengi husema: la, mkosaji na aadhibiwe, asiye na kosa aachwe. Sisi tuishio hapa Nyahanga, Kahama, tuna sababu ya kulifikiri swali hili, maana liliwahi kujibiwa kwa ajili ya mambo yaliyotendeka mkoani kwetu Shinyanga.

Wazee wanaikumbuka miaka ile. Vikongwe waliuawa Usukumani kwa kushukiwa uchawi, pengine kwa sababu tu ya macho mekundu, nayo yaliletwa na moshi wa jikoni wa miaka mingi. Mwaka 1976 Serikali ilifanya msako katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga ili mauaji yakome. Watu wengi walikamatwa. Baadhi yao waliteswa mahabusi, na wengine wakafa mikononi mwa wale waliopewa kazi ya kulinda raia. Nia ilikuwa njema, lakini yakawa mauaji juu ya mauaji.

Waziri wa Mambo ya Ndani alikuwa Ndugu Ali Hassan Mwinyi. Alianza kama mwalimu wa shule Zanzibar, akawa Katibu Mkuu wa Wizara ya Elimu huko, kisha Waziri wa Afya katika Serikali ya Muungano. Tangu 1975 alikuwa Mambo ya Ndani. Yeye hakumpiga mtu. Hata hivyo polisi walikuwa chini yake, na Januari 1977 alijiuzulu. Waziri mwenzake, Ndugu Peter Siyovelwa, naye alijiuzulu. Rais Nyerere alikubali.

Je, ilikuwa haki? Tutazame nyumbani kwetu. Watoto wakizembea machungani, ng'ombe wakala mahindi ya jirani, mwenye shamba humwendea nani? Humwendea mzee mwenye boma. Naye mzee hasemi, "Mimi nilikuwa mnadani." Huomba radhi na kulipa, kisha ndipo huongea na watoto wake. Kosa ni la watoto, dhamana ni ya mzee. Haya ni mambo mawili, wala moja halifuti lingine.

Mtu atasema: lakini Waziri hakujua. Basi na tuulize, ni kazi ya nani kujua? Anayekubali cheo hukubali pia kuuliza kinachotendeka gizani kwa jina lake. Pilato alijua, akanawa mikono mbele ya watu. Na maji yale hayakumwondolea dhamana. Itakuwaje basi kwa yule ambaye hakuuliza?

Wa pili atasema kwamba kujiuzulu kwa wakubwa kwaweza kuwa pazia la kuwaficha watesaji wenyewe. Neno hili lina uzito. Barua ya Waziri haiwezi kushika nafasi ya mahakama. Ndiyo maana ni vema kwamba baadhi ya maofisa wa polisi na usalama walishtakiwa na kuhukumiwa. Yote mawili yalitakiwa: mtenda kosa ajibu mbele ya hakimu, na mwenye dhamana ajibu mbele ya wananchi.

Wa tatu atasema: alipoteza nini? Alipelekwa Misri kuwa balozi, akarudi uwaziri 1982, akawa Rais wa Zanzibar 1984, na Rais wa Muungano tangu 1985 hadi 1995. Ni kweli, na alipofariki tarehe 29 Februari 2024 taifa zima liliomboleza. Lakini siku anaandika barua ile hakuna aliyejua hayo yatakuja. Tena, kama anayekubali dhamana hatainuliwa kamwe, watakaobaki juu ni wale tu wanaong'ang'ania viti.

Hata hivyo tusijidanganye. Waliokufa mahabusi hawakurudi, na barua haikumlisha mjane wala yatima. Ilichofanya ni kutamka mbele ya nchi nzima kwamba uhai wa mwanakijiji wa Usukuma ni mzito kuliko kiti cha Waziri. Neno hilo si dogo mahali ambapo maskini amezoea kufa bila kuulizwa.

Wapenzi wasomaji, dhamana haikai Dodoma peke yake. Yuko nayo mwenyekiti wa mtaa, mweka hazina wa chama cha msingi, kamanda wa sungusungu ambaye vijana wake wamempiga mshukiwa usiku. Asiseme tu, "Sikuwapo." Aende kwa aliyeumizwa, awatoe wakosaji mbele ya sheria, na ikibidi aache uongozi. Nasi tunaochagua viongozi, tusimwulize mgombea ametujengea nini tu. Tumwulize pia kama aliwahi kujibu kwa lililoharibika chini yake.